Begi la mkononi ndegeni ni la mtoto, si la zawadi

Ukifika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi usiku, hutakosa kumwona mama aliyebeba mtoto mmoja mgongoni na kumshika mwingine mkono. Begi lake la mkononi limejaa majani chai, unga wa wimbi na zawadi za kumpelekea shemeji huko Ulaya au Uarabuni. Dawa za watoto je? Zimo ndani ya sanduku kubwa ambalo limekwisha kupimwa na kupelekwa tumboni mwa ndege.

Kwa maoni yangu, huko ni kupanga mambo kinyume. Zawadi zikichelewa siku tatu, shemeji atasubiri. Mtoto aliyebanwa na pumu hawezi kusubiri. Safari ya Nairobi hadi London huchukua karibu saa tisa na ile ya Dubai kama saa tano, na muda huo wote huwezi kulifikia sanduku lako. Isitoshe, masanduku hupotea na ndege huchelewa.

Kwa hivyo, kabla ya kufunga mizigo jiulize swali moja: sanduku kubwa lisipoonekana kwa siku mbili, mtoto atakosa kitu gani ambacho kitamdhuru? Chochote utakachokitaja, mahali pake ni begi la mkononi.

Tuanze na dawa. Mtoto mwenye pumu, kifafa, kisukari au seli mundu asipande ndege dawa zake zikiwa mbali naye. Zibebe katika pakiti zake za asili, pamoja na barua ya daktari. Insulini hasa isiwekwe tumboni mwa ndege, kwani baridi ya huko yaweza kuigandisha na kuiharibu. Mwenye seli mundu amwone daktari kabla hata ya kununua tiketi. Hewa ndani ya ndege huwa nyepesi kama ya mlima wenye urefu wa hadi mita 2,400, ambao ni juu kuliko Nairobi.

Hata mtoto mzima wa afya huweza kupatwa na homa angani. Beba paracetamol ya maji pamoja na kijiko chake cha kupimia, na uwe umeuliza mapema kipimo kinachofaa uzito wake. Kati ya kipimo na kipimo pite saa nne au zaidi, na visizidi vinne kwa siku. Aspirini usimpe mtoto aliye chini ya miaka 16. Aidha, tia pakiti mbili tatu za chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji mwilini. Hazina uzito wowote, na mtoto anayeharisha huishiwa na maji upesi.

Wazazi wengi huacha dawa na maziwa nyumbani kwa kuogopa kunyang'anywa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2006 viwanja vingi vimekataza vitu vya majimaji vinavyozidi mililita 100. Lakini kwa kawaida dawa, maziwa na chakula cha mtoto huruhusiwa kwa kiasi cha kutosha safari. Viweke juu kabisa ya begi na umwambie mkaguzi kabla halijapita kwenye mashine.

Upande wa chakula, anayenyonya amebarikiwa, kwani chakula chake hakihitaji kufungashwa. Anayetumia maziwa ya unga, mpimie unga huo katika vyombo safi vilivyo vikavu, kisha uombe maji ya moto kwa wahudumu. Usiyamimine mtoto akiwa mapajani, maana ndege huweza kutikisika ghafla na kumbabua. Maziwa yaliyokwisha korogwa na kukaa saa mbili, yamwage. Njugu na peremende ngumu usimpe mtoto mdogo. Zikimkwama kooni, hospitali iko mbali sana.

Chupa hiyo ina kazi nyingine. Ndege inapoanza kushuka, hewa husukuma ngoma ya sikio kwa ndani na mtoto huumwa sana. Kunyonya na kumeza hufungua njia ya hewa na kupunguza maumivu. Basi mwamshe ikiwa amelala, umpe titi, chupa au maji kidogo kidogo.

Nguo za kubadilisha ziwe jozi mbili za mtoto na blauzi moja yako wewe, kwani akitapika atakutapikia wewe. Leso moja itatosha kuwa blanketi, pazia la kunyonyeshea na kitanda. Nguo chafu zitie katika mfuko wa kitambaa, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku hapa Kenya mnamo Agosti 2017.

Usisahau makaratasi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano hudaiwa na nchi kadhaa, na chanjo yenyewe huchomwa angalau siku 10 kabla ya safari. Kijitabu cha kliniki nacho kiwe karibu. Mtoto akipatwa na homa wiki chache baada ya kufika ugenini, mwambie daktari wazi kwamba ametoka katika nchi yenye malaria. Daktari wa huko asiyejua hilo huweza kudhani ni mafua tu, na malaria haingoji.

Sasa nitaje kitu ambacho hakipaswi kuwa ndani ya begi hilo. Kuna wazazi wanaobeba dawa ya mafua au ya mwasho ili wamlaze mtoto safari nzima. Nalipinga jambo hili kwa nguvu zote. Dawa iitwayo promethazine, kwa mfano, haifai kupewa mtoto aliye chini ya miaka miwili kwa sababu yaweza kudhoofisha pumzi zake hadi afe. Watoto wengine dawa za namna hiyo huwatia wazimu wa kuruka na kulia badala ya usingizi. Tena tuseme ukweli: dawa hiyo humtibu mzazi aibu ya kutazamwa na abiria. Mtoto anayelia si mgonjwa. Mpe titi, mwimbie, mtembeze ndani ya ndege, na abiria watavumilia.

Lipange begi hilo siku mbili kabla ya safari, wewe mama pamoja na baba, ili kila mmoja ajue kitu kilipo. Kisha linyanyue kwa mkono mmoja. Likikushinda, punguza zawadi, kwa sababu mkono wa pili utakuwa umemshika mtoto.