Baridi Nayo Ni Elimu



Wako miongoni mwetu wasemao kwamba sayansi ya baridi kali ni mambo ya matajiri, wala haimfai mtoto wa Kolandoto. Mimi sikubaliani nao.

Molekuli za hewa tuvutayo hukimbia mamia ya mita kila sekunde. Nani aweza kuziongoza? Kila mchungaji ajua kuwa ng'ombe waliotimka hawasikii fimbo. Sharti watulie kwanza. Ndivyo walivyofanya Deborah Jin, Jun Ye na wenzao mjini Boulder, Marekani, mwaka 2008. Walipoza atomu za potasiamu na rubidiamu hata zikakaribia kikomo cha baridi yote, yaani nyuzi 273.15 chini ya sifuri. Kwa nguvu ya sumaku waliziunganisha mbili mbili, kisha kwa mwanga wa leza wakazifanya molekuli imara. Baridi yake ilikuwa imezidi kikomo kile kwa chini ya sehemu moja ya milioni ya digrii.

Molekuli hizo zina upande wa chaji chanya na upande wa chaji hasi. Nguvu ya umeme ikiletwa, huelekea upande mmoja, kama sindano ya dira. Zikikutana kichwa kwa mkia, huvutana na kugeuka upesi kuwa vitu vingine. Zikibanwa kwa mwanga katika matabaka membamba, zikakaa ubavu kwa ubavu, husukumana na kudumu zaidi. Basi kwa kuongeza au kupunguza umeme, mtu huharakisha mabadiliko ya kikemia au huyachelewesha. Na kanuni za chaji na sumaku ni zile zile tunazosoma kwa unga wa chuma juu ya karatasi.

Tena, swali kubwa la baridi liliulizwa na mwanafunzi wa nchi hii. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, wa Shule ya Magamba, aliona maziwa yake ya moto yakiganda kabla ya maziwa ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakunyamaza. Mwaka 1969 yeye na Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha habari hiyo, na hata leo wataalamu wanaibishania.

Jirani zetu hapa ni Mwadui, ambako Dakta Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Mawe ya nchi yetu yamefika mbali kuliko sisi wenyewe. Je, tutaendelea kutoa mawe na kununua maarifa?

Maabara ya Boulder hatuna, lakini ulimi wa kuuliza tunao. Kwa hiyo naomba kila kipindi cha fizikia kimalizike kwa swali la mwanafunzi, na anayemcheka muulizaji alitafute yeye jibu, alilete darasani kesho yake.