Msimlaumu Mbwa

Ndugu msomaji, nimechoka kusikia watu wakisema kwamba Labrador ni mbwa mjinga. Juzi jirani yangu aliyarudia hayo mbele ya geti langu: "Mzee wangu, hawa mbwa wa kizungu ni hasara tupu. Mwizi akija wanamkaribisha!" Nilinyamaza, kwa kuwa maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, na mbwa wangu ndiye aliyeyalipia. Leo sinyamazi.

Mbwa huyu hakuzalishwa ili alinde geti. Hata jina lenyewe linapotosha, maana asili yake si Labrador bali ni kisiwa jirani cha Newfoundland, ambacho sasa kimo katika Kanada. Huko wavuvi wa chewa walifuga mbwa weusi wenye manyoya mafupi yaliyoshonana. Mbwa hao waliruka katika maji ya baridi kali, wakavuta mishipi na nyavu, wakamrudisha samaki aliyeponyoka kwenye ndoana. Wahenga wetu walisema mbwa hafi maji aonapo ufuko. Hawa walijitosa hata pasipoonekana ufuko.

Meli zilizopeleka samaki katika bandari ya Poole, Uingereza, zilipeleka na mbwa. Mwanzoni mwa karne ya 19, Lodi Malmesbury, aliyekuwa na mashamba karibu na bandari hiyo, aliwatumia katika kuwinda bata. Katika miaka ya 1880 mwanawe alimpa Duke wa Buccleuch, kule Uskochi, baadhi ya mbwa wake, na mbegu ikaendelezwa. Mwaka 1903 Kennel Club ya Uingereza iliitambua rasmi.

Sasa tazama kazi yenyewe. Bunduki inapolia, mbwa hukaa kimya, hanyanyuki mpaka aamriwe. Hukumbuka mahali ndege alipoangukia. Na kama hakumwona, hufuata filimbi na ishara ya mkono mpaka afike. Mkia wake mnene, kama wa fisimaji, humsaidia kugeuka majini. Na kubwa kuliko yote ni kinywa laini: humbeba ndege bila kumtafuna, akamkabidhi mkononi mwa bwana wake. Kwa vizazi na vizazi watu walimchagua mbwa asiyeng'ata. Leo sisi tunamnunua mbwa huyo huyo, kisha tunamtukana kwa sababu hang'ati!

Wangu alikuwa anaitwa Simba. Nilimfunga mnyororo getini, nikamlisha makombo ya ugali, nikangoja ukali ambao haukuja. Siku moja mnyororo ulikatika. Nikamwona anakuja mbio kwangu, kifaranga mdomoni. Nilishika fimbo nikampiga bila huruma. Alipofungua kinywa, kifaranga kilitua chini, kikajipukuta, kikakimbilia kwa mama yake. Hakikuwa na hata mchubuko! Simba alikuwa ameniletea windo, na mimi nilimlipa fimbo. Nilielewa? La hasha. Nilinunua mnyororo mnene zaidi.

Alizidi kunenepa. Bwana mifugo alinionya, nami nikajibu kwamba mbwa huyu ni mlafi tu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba takriban Labrador mmoja kati ya wanne ana hitilafu ya kurithi inayomwongezea hamu ya chakula. Mnyama wa namna hiyo, ukimshibisha na kumfunga, unamuua polepole. Simba alikufa akiwa na miaka sita, akihema kwa shida, mnyororo ukiwa shingoni.

Najua nitajibiwa: "Sisi si malodi, hatuwindi bata, mbwa kwetu ni mlinzi." Ni kweli, wala sina ugomvi na hilo. Basi mfuge mbwa wetu wa kienyeji, ambaye atambwekea mgeni usiku kucha wala hukumnunua kwa bei ya ng'ombe. Lakini ukimtaka Labrador, kwa sifa au kwa mapenzi, hapana budi umpe kazi. Mrushie kipande cha gunia akuletee. Mfichie kitu akitafute. Mpeleke mtoni aogelee. Mpimie chakula chake. Tabia hizo hizo za utulivu, usikivu na pua kali ndizo zinazomwezesha kuwaongoza vipofu na kunusa mabomu katika nchi nyingi. Je, mjinga angekabidhiwa uhai wa watu?

Hatumwajiri mkunga kisha tukamfukuza kwa sababu hajui kupigana. Mbwa anatendewa hivyo kwa vile hana ulimi wa kujitetea. Jirani yangu amekwisha kununua mnyororo. Nimeuona ukining'inia kwenye nguzo ya geti lake. Kesho nitabisha hodi kwake, nimweleze habari ya kile kifaranga.