Zawadi ya kufumwa kwa mtu wa joto: iwe ndogo, iwe ya pamba, na fundi alipwe

Kila Julai mambo ni yale yale. Baridi imeshika Nairobi, huko Kayole na Dandora watu wanatembea na sweta mbili, halafu mtu anapata habari kwamba dadake wa Mombasa amejifungua. Anaenda kwa mama wa ploti anayefuma, anaitisha shali nzito na kofia ya kufunika masikio. Zawadi inapanda basi la usiku. Asubuhi inafika mahali ambapo mtoto amelazwa na nepi peke yake kwa sababu ya joto. Shali inasifiwa sana, inakunjwa, inaingia kwenye sanduku. Na huko ndiko inakaa.

Sisi kazi yetu ni pesa za simu, si uzi. Lakini malipo mengi yanayopita kwa simu zenu mtaani ni ya kazi ndogo kama hizi: fundi wa nguo, msusi, mama wa vitambaa. Na maoni yetu ni haya: zawadi ya kufumwa bado inafaa, hata kwa mtu anayekaa kwenye joto, mradi iwe ndogo, iwe ya pamba, na aliyeifuma alipwe kazi yake, si uzi tu.

Kuna atakayeshangaa. Kampuni ya malipo si ingesema tu, "Achana na uzi, tuma pesa"? Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, kutuma pesa nyumbani kumekuwa kazi ya dakika moja. Na pale pesa inahitajika, tuma pesa. Karo, dawa, unga, hayo hayangoji mtu afume. Ila zawadi ni jambo lingine. Elfu moja ikiingia kwa simu inakutana na deni la duka na tokeni za stima, na kabla ya jioni imeisha. Imesaidia, ndiyo. Lakini kitu cha mkono kinakaa mezani, na kila kikiguswa mtu anakumbuka nani alikileta.

Shida ni kwamba tunachagua zawadi tukifuata baridi yetu wenyewe. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana Juni hadi Agosti tunatetemeka. Mombasa iko baharini kabisa, na joto lake lina unyevu unaofanya nguo ishikane na mwili. Lodwar nako joto la mchana hufika nyuzi 35 siku nyingi za mwaka. Mtu wa huko hahitaji sweta. Anahitaji kitu cha kufuta jasho, cha kufunika maji ya kunywa, cha kubebea nyanya kutoka sokoni.

Kwanza, uzi

Uzi mwingi wa bei nafuu, ule wa sweta, ni wa akriliki. Hiyo ni plastiki iliyogeuzwa kuwa uzi. Unashika joto, haunywi jasho, na ukikaribia moto unayeyuka. Kwa hivyo usiutumie kwa chochote cha kushikia sufuria. Uzi wa pamba unanyonya maji, unapitisha hewa, na unaoshwa mara nyingi bila taabu.

Kama huna hakika umeuziwa nini, chukua kipande kifupi cha uzi, kiweke kwenye sahani ya bati mbali na watoto, ukiwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu.

Jua pia kwamba pamba hurudi kidogo ikioshwa mara ya kwanza, na rangi nzito huweza kutoka. Mwambie fundi akioshe kitu kabla ya kukupa, ama ukioshe mwenyewe kabla hujakituma.

Vitu vya jioni moja ama chache

*Kitambaa cha uso.* Hiki ndicho rahisi kuliko vyote, hata kwa anayejifunza. Kwa uzi wa pamba ulio mnene kiasi, anza na mishono kama 45 kwenye sindano mbili, ufume mshono wa kawaida kila mstari hadi kiwe mraba wa sentimita 25 hivi. Viwili vikifungwa pamoja na sabuni nzuri, hiyo ni zawadi kamili ya shangazi wa Mombasa.

*Kifuniko cha jagi.* Hiki mnakijua, kimejaa kwenye meza za wageni kuanzia Buruburu hadi Umoja. Ni duara la sentimita 20 hivi, linafumwa kwa sindano ya kulabu, halafu shanga zinazungushwa ukingoni ili upepo usikipeperushe. Kinazuia nzi na vumbi, na mahali pa joto jagi la maji halitoki mezani. Ongeza vidogo viwili vya glasi.

*Mfuko wa sokoni.* Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea mizigo imepigwa marufuku Kenya, kwa hivyo kila mtu anahitaji mfuko wake. Ufumwe kwa mashimo makubwa, unaenda haraka. Ila chini na kwenye mikono mishono ikazwe, maana huko ndiko uzito unakaa. Na ufanywe mfupi kuliko unavyodhani, kwa sababu ukiwekwa viazi unavutika hadi magotini.

*Mkanda wa nywele.* Upana wa vidole vinne unatosha. Kichwa cha mtu mzima ni kama sentimita 55 kuzunguka, lakini mkanda wa sentimita 48 utamtosha kwa sababu unavutika. Unazuia jasho kushuka machoni, na msichana anayesoma Kisumu hatauficha kwenye sanduku.

*Vitambaa vya mtoto mchanga.* Badala ya ile shali nzito, vitambaa vitatu laini vya kumpangusa maziwa. Usiweke shanga wala kifungo, mtoto huweka kila kitu mdomoni.

Vyote hivi ni vyepesi, vinakunjwa, na nauli yake kwa basi ni ndogo. Na vikifumwa haraka, fundi anapokea pesa yake haraka na kuanza kazi nyingine.

Sasa tuongee bei

Hapa ndipo watu wazuri wanakosea bila kujua. Mtu anafika kwa fundi na kusema, "Mathe, si ni uzi tu? Nifanyie mia nne." Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mfuko wa sokoni umekula uzi wa shilingi 300 na umechukua saa 5. Ukilipa 400, fundi anabaki na 100. Gawa kwa saa 5: shilingi 20 kwa saa. Hiyo ni bei ya mandazi mawili. Na bado hujahesabu nauli yake ya kwenda kununua uzi, wala stima aliyowasha usiku akifuma.

Kuna anayesema, "Lakini anafuma akiwa amekaa tu, akiongea na majirani." Dereva wa matatu pia anaendesha akiwa amekaa. Kukaa hakufanyi kazi iwe bure. Mikono, macho na mgongo vinachoka vile vile.

Kama pesa yako ni kidogo, usimpunguzie fundi bei, punguza zawadi. Mfuko ukikushinda, chukua kitambaa cha uso. Anayepokea hatahesabu sentimita. Lakini fundi atahesabu shilingi, na siku ya kodi atakuwa anazihesabu tena.

Kulipa bila kusumbuana

Ugomvi mwingi wa kazi za mkono hautoki kwa watu wabaya. Unatoka kwa maneno ya mdomo ambayo kila mmoja aliyakumbuka kivyake. Fanyeni hivi.

Kubalianeni kwa ujumbe mfupi: ni kitu gani, rangi gani, ukubwa gani, siku gani, bei gani, na nani analipa nauli ya kifurushi. Mistari miwili ya meseji inatosha.

Toa pesa ya kianzio inayotosha kununua uzi, ama nusu ya bei yote. Fundi akinunua uzi kwa pesa yake ya unga halafu wewe ukanyamaze, hasara imebaki kwake na kitu chenye jina la mtoto wako hakina mnunuzi mwingine.

Kabla hujaweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Likiwa si la fundi wako, simama, mpigie simu. Pesa ikienda kwa namba isiyo yake, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja kupitia namba rasmi, usingoje kesho. Na namba ya siri ni yako peke yako, hata kwa anayesema anapiga simu kutoka kwetu.

Salio lipa ukishaona kitu, kwa macho ama kwa picha, kabla hakijapanda basi. Mtu wa Lodwar hawezi kurudisha kitambaa kwa sababu rangi imekosewa.

Na wewe fundi, sikiliza pia. Meseji ya malipo inaweza kughushiwa, kwa hivyo angalia salio lako kabla ya kuachilia kazi. Mtu usiyemjua akikuambia ametuma pesa kwako kimakosa umrudishie, usitume chochote. Mwambie apitie huduma kwa wateja, huko ndiko makosa ya kweli yanarekebishwa. Na ukiweza, pokea pesa za kazi kwa namba ya till, si kwa laini ile ile ya chama na ya nyumbani. Mwisho wa mwezi utaona kazi imeingiza ngapi na uzi umekula ngapi. Wengi wakishaona hizo namba mbili kando kando, wanapandisha bei wenyewe, na wana haki.

Kwa hivyo kabla hujaitisha zawadi, jiulize maswali mawili tu. Huko inakoenda, joto ni kiasi gani? Na nikishatoa pesa ya uzi, aliyefuma atabaki na nini? Ukiwa na jibu la kwanza, zawadi yako itatumika. Ukiwa na jibu la pili bila aibu, lipa.