Hezi 432 Haitakuponya

Watu wangu, leo naanza kwa kujisema mwenyewe kabla sijamsema mtu.

Mwaka jana niliposti video fupi. Mimi huyu nimelala chini ya mnazi hapa Tiwi, spika za masikio zimekaa, macho nimeyafumba, na maandishi makubwa juu: LALA NA HEZI 432, AMKA UMEPONA. Sikuwa nimepona chochote. Niliona wenzangu wanaweka, nikaona zinatembea, na mimi nikaweka. Video hiyo ikapata watazamaji wengi kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Siku ya kumi, saa nane usiku, msichana mmoja nisiyemjua akaniandikia: nimesikiliza kila usiku kama ulivyosema, bado nimechoka na kila kitu, nifanye nini tena?

Nikabaki nimeshika simu. Jibu sikuwa nalo, maana ile dawa niliyomwandikia sikuijua mimi mwenyewe. Nikamwambia kitu kimoja tu: mwamshe mtu hapo nyumbani, sasa hivi, usingoje asubuhi. Akamwamsha dada yake. Siku mbili nzima nilikuwa naangalia simu kama mtu anayedaiwa, mpaka akajibu kwamba wamekwenda hospitali na amepata mtu wa kuongea naye. Yuko, alhamdulillahi. Video nimeifuta. Lakini yangu ilikuwa tone, na bahari imejaa, ndiyo maana naandika.

Tuanze na hiyo namba. Hezi ni hesabu ya mitetemo kwa sekunde moja. Waya wa gitaa ukitetemeka mara 440 kwa sekunde, unatoa noti ambayo wanamuziki wengi duniani hutumia kulinganisha vyombo. Shirika la Kimataifa la Viwango liliipitisha kama kipimo cha pamoja mwaka 1955, ili wapigaji wa miji tofauti wakikutana vyombo visigombane. Basi, ni hivyo tu. 432 ni noti hiyo hiyo imeshushwa kidogo, na wengi wetu tukisikilizishwa mojawapo peke yake hatuwezi kusema ni ipi. Anayekwambia 440 inakufunga roho na 432 inakufungua, muulize amejuaje. Ukimbana sana atakwambia "ihisi tu." Na bando ni lako linaloisha.

Hapa sasa ndipo ninapoumia kama kijana wa Kidigo. Kama kuna watu wasiohitaji kufundishwa na YouTube kwamba sauti inaingia ndani ya mtu, ni sisi. Nyanya yangu ana kayamba. Ni mabua yaliyopangwa bapa, yakafungwa, na ndani mna mbegu. Ukiipeleka huku na huku inavuma kama mvua inayokuja juu ya makuti. Haina noti moja unayoweza kuipima. Hata ukiitafutia hezi zake, hupati namba ya kuandika juu ya video. Na kayamba hiyo hiyo imekesha na wagonjwa miaka na miaka Kwale hii.

Najua ustadhi wangu akisoma hapa atakunja uso. Ngoja, ustadhi. Mimi ni Muislamu, nimepita madrasa, na simwambii mtu akapandishe pepo. Naomba tu tuangalie kilichokuwa kikifanyika pale. Katika ngoma za pepo, kila pepo ana wimbo wake. Wapigaji hawaji na wimbo mmoja wa kila mtu. Wanajaribu huu, wanamtazama mgonjwa, hautikisi kitu, wanabadilisha. Usiku kucha wanamtazama yeye. Jirani ameacha usingizi wake, shangazi amekuja kutoka Msambweni, mwingine anachemsha chai. Hata kama huamini pepo hata mmoja, hesabu watu waliokaa kumzunguka mgonjwa mmoja. Hakuna aliyemwambia, "Chukua hii, nenda chumbani kwako, funga mlango, sikiliza peke yako saa nane."

Hata utafiti wa hospitali unaegemea hukohuko. Mwaka 2017 mtandao wa Cochrane ulikusanya majaribio ya tiba ya muziki kwa watu wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka. Walikuta kwamba muziki ukiongezwa juu ya matibabu ya kawaida, dalili hupungua, angalau kwa muda mfupi. Soma tena hapo: ukiongezwa juu ya matibabu. Na tiba ya muziki maana yake kuna mtu aliyesomea kazi hiyo, yuko na wewe, mnapiga, mnaimba au mnasikiliza pamoja. Video yangu haikuwa na mtu. Mimi nilikuwa nimelala zangu wakati yule msichana anaandika.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: sauti inayotibu ina watu ndani yake, na ina mwisho. Watu nimeshawasema. Sasa mwisho.

Ngoma ya nyanya ikifika alfajiri inavunjwa, watu wanarudi makwao. Madrasa nako, kitu cha kwanza kilichonitoa jasho katika tajwidi hakikuwa sauti, kilikuwa waqfu: wapi usimame, wapi usisimame, wapi ukisimama umeharibu maana. Kituo nacho ni sehemu ya kisomo. Wazee wetu wa kaya nao walijua. Ukiingia Kaya Kinondo unafungwa kaniki, unavua kofia, unatulia. Misitu ya kaya iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na ukisimama ndani yake unaelewa kwamba utulivu ule umelindwa kama miti yenyewe ilivyolindwa.

Sisi je? Asubuhi kengele ya simu, bafuni wimbo, barabarani matatu ya Likoni kwenda Ukunda yenye besi inayokupiga kifuani, kazini spika, jioni bodaboda na redio yake, usiku hezi 432 mpaka kunakucha. Halafu tunashangaa roho haitulii. Saa ngapi uliipa nafasi iseme?

Na masikio pia ni nyama, si chuma. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ikipanda hadi 90, saa zinabaki 4 tu kwa wiki nzima. Zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wako hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti ya juu. Huna haja ya mashine ya kupimia: ukilazimika kupiga kelele ili mwenzako aliye karibu nawe akusikie, tayari mmepita. Mimi mwenyewe sikio la kushoto hunilia ngiii nikilala. Hiyo nayo ni noti moja, na haina kitufe cha kuizima.

Najua kuna atakayesema, "Lakini mimi inanisaidia kulala." Sawa kabisa, sikukatazi. Muziki wa polepole unaweza kuteremsha pumzi yako, na pumzi ikiteremka mwili unalegea. Sikiliza unachopenda, weka saa ya kuzima, lala. Usiite tiba tu. Hasa usimpe mtu anayezama ukamwambia ndiyo kamba. Nimeshafanya hivyo mara moja, na kilichomfikia yule dada kwa wakati ni mlango wa chumba cha pili. Hezi hazikuwa na sehemu hapo.

Wenzangu tunaotengeneza video hapa Pwani, hili ni letu. Ukiposti "uponyaji", weka pia 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, mtu apate pa kupiga. Kama huwezi kuweka hiyo, toa hilo neno uponyaji.

Mimi Ijumaa baada ya alasiri nimeanza kwenda kukaa karibu na Msikiti wa Kongo, pale chini ya mibuyu mto unapomwagika baharini. Simu naiacha nyumbani. Wiki ya kwanza nilivumilia dakika kumi, nikarudi mbio. Wiki hii nikaenda na nyanya. Hakuja na kayamba, alikuja na mhogo wa kuchoma. Tulikaa mpaka adhana ya magharibi, hatukuongea sana.