Acheni kuua Postgres, isikilizeni kwanza

Jamani, kuna tabia moja miongoni mwetu madevelopa inayonikera kupita kiasi. Hifadhidata ikichelewa kuamka, fundi anangoja dakika mbili, anapiga kill -9, anaiwasha tena. Ikichelewa tena, anaiua tena. Halafu anamwandikia bosi kuwa seva imezeeka, inahitaji RAM. Huo si ufundi, ni kupiga ramli.

Hebu tuchukue PostgreSQL 13 kwenye Linux. Stima ilipotea, umeiwasha, logi imesema mfumo ulikatizwa kisha ikanyamaza. Kila anayejaribu kuingia anaambiwa bado inaanza. Tafuta kwa ps namba ya prosesi iitwayo startup, kisha:

strace -y -T -p NAMBA

-T inakuonyesha kila mwito wa mfumo umechukua muda gani, -y inakupa jina la faili badala ya namba tupu. Utaona mistari ikimiminika: openat, fsync, close, openat, fsync, close. Hapo hakuna kilichokwama! Tangu matoleo ya 2015, Postgres iliyozimwa vibaya hupitia kila faili kwenye folda yake ya data na kuhakikisha imefika diskini, kabla haijaanza ukarabati wowote. Kila jedwali lina faili yake, kila indeksi yake. Mfumo unaompa kila mteja majedwali yake unaweza kufika faili 200,000 bila wewe kujua. Kwa diski ya kuzunguka, milisekunde 5 kwa faili ni sekunde 1,000, yaani dakika 16 na ushei. RAM itasaidia nini hapo?

Sasa huyu wa kill -9 amefanya nini? Ameizima vibaya mara nyingine, kwa hivyo safari inaanza tena kwenye faili ya kwanza. Tatizo analolalamikia analizalisha mwenyewe.

Wengine watakwambia weka fsync=off. Kweli, itaamka haraka. Stima ikipotea tena unaweza kubaki na data iliyoharibika, na mteja hatakuuliza iliamka kwa sekunde ngapi.

Dawa ipo. Toleo la 14 la mwaka 2021 lilileta recovery_init_sync_method. Ukiiweka syncfs, Linux inaambiwa imwage mfumo mzima wa faili diskini kwa mkupuo. Keneli iwe 5.8 kwenda juu, la sivyo hitilafu za diski zinaweza kupita kimyakimya. Na kuanzia toleo la 15 logi yenyewe inakutajia iko faili gani, kila sekunde 10.

Najua mtasema strace hupunguza kasi. Ndiyo, hupunguza. Iache sekunde 20, bonyeza Ctrl-C, prosesi itaendelea na kazi yake. Ukitaka jumla kwa -c, ongeza -w, maana -c peke yake huhesabu muda wa CPU ndani ya keneli, si muda wa kungoja diski, na hapa kungoja ndiko kunakokula asubuhi yako.