MAPOROMOKO NI MALI YA NANI?

Katika siku hizi ambapo kila nchi ya Afrika ya Mashariki yahimiza ujenzi wa mabwawa ya umeme, yafaa sisi wa Rungwe tuyatazame yaliyowapata jirani zetu wa Jinja, Uganda. Mto wao hauko mbali na nchi yetu kama wengi wanavyodhani. Maji ya Mara, ya Kagera na ya vijito vya Mwanza huingia Ziwa Viktoria, na mto utokao ziwani humo ni mmoja tu, nao ni Naili.

Mlango huo ulitiwa kufuli mwaka 1954, Malkia Elizabeth alipofungua bwawa la Owen Falls, ambalo sasa laitwa Nalubaale. Tangu hapo Naili haiteremki kwa hiari yake. Huteremka kwa kipimo. Ajabu ni kwamba kipimo hicho ndicho kilichowafaa watu wa mashua za mpira. Tangu mwaka 1996 wageni kutoka ng'ambo wamekuwa wakilipa fedha nyingi ili warushwe huku na huku katika maji makali, wapinduliwe, kisha waokolewe na vijana wenye vimashua vidogo. Wazee wetu wangesema wana wazimu. Lakini fedha yao ni nzima. Mito mingine hunywea wakati wa kiangazi, bali huu maji yake hayakukatika.

Lakini mkono ule ule utoao maji ndio uwezao kuyazamisha maporomoko. Mwaka 2012 bwawa la Bujagali, lenye megawati 250, lilizinduliwa. Maporomoko ya jina hilo, ambayo Wasoga waliyaheshimu kuwa makao ya mzimu, yakafunikwa, na wenye mashua wakahamia chini ya bwawa. Ili kufidia hasara hiyo, Serikali ya Uganda ilikuwa imekubaliana na Benki ya Dunia mwaka 2007 kwamba maporomoko ya Kalagala yatengwe kwa hifadhi na utalii. Haikupita miaka mingi likaja bwawa la Isimba, megawati 183, lililofunguliwa mwaka 2019, na maji yake yakapanda kuufuata mto kwa upande wa chini.

Hatusemi umeme ni mbaya. Mtoto asomaye kwa kibatari hawezi kuambiwa angoje ili mgeni apate kuchezea maji. Sisi nasi tumejenga Bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji, megawati 2,115, na tumelishangilia kwa haki. Tunalolaumu ni kwamba mapatano ya Kalagala yalikuwa baina ya serikali na benki. Mpiga kasia, mpishi wa kambi na mama auzaye ndizi ukingoni hawakutia saini, basi wangeyadai kwa nani?

Huku kwetu Kiwira washuka milimani hadi Ziwa Nyasa, ukipita chini ya Daraja la Mungu na kujificha katika miamba ya Kijungu. Wageni huja kuyatazama hayo, na wengine hupitia Isongole kwenda Ziwa Ngosi wakiongozwa na vijana wetu. Kiwira si Naili, wala hatuuombei mashua za mpira. Walakini siku mhandisi atakapofika na ramani yake, halmashauri ya kijiji imwulize kabla ya kumkaribisha chai: maji yatafunguliwa saa ngapi, walio mtoni watapashwa habari na nani, na fungu la kijiji limeandikwa katika ukurasa wa ngapi?