Jina la methodi lililonikesha

Leo nina kinyongo na neno moja tu: replaceAll.

Nilikuwa naandika programu ya Java ya kuwatumia wanachama wa chama fulani SMS za kuwakumbusha mkutano. Orodha ililetwa na nambari za simu zenye nukta katikati, nami nikataka kuziondoa nukta hizo. Nikakuta String ina replace na ina replaceAll. Wewe ungechagua ipi? Kila nambari ilikuwa na nukta mbili, basi nikachukua replaceAll(".", ""). Programu haikulalamika hata kidogo. Ila SMS haikwenda hata moja, na saa nane za usiku mimi bado nalaumu mtandao, kumbe kila nambari ilikuwa imefutwa ikabaki tupu.

Replace nayo hubadilisha zote! Tofauti ni kwamba replaceAll husoma hoja ya kwanza kama ruwaza, na katika ruwaza nukta humaanisha herufi au tarakimu yoyote ile. Nilikuwa nimeiagiza ifute kila kitu, ikatii.

Utasema ningesoma maelezo. Kweli, na yameandikwa wazi. Lakini nani husoma maelezo ya kitu anachodhani amekielewa? Jina gumu lingenipeleka kwenye maelezo mwenyewe. Hili lilinituliza.

Kosa lina historia. ReplaceAll iliingia na Java 1.4 mwaka 2002, wakati replace ilikuwa ya kubadilisha herufi moja kwa nyingine tu (zote, tangu mwanzo). Java 5 ya mwaka 2004 ikairuhusu replace ipokee maneno mazima, na tangu hapo hizi mbili hukaa bega kwa bega zikitudanganya. Kubadilisha jina sasa ni kuvunja programu za watu duniani kote. Mimi ningeiita replacePattern, herufi nne zaidi tu. Ukitoka JavaScript ndiyo utapotea kabisa: huko replace ukiipa neno hubadilisha la kwanza pekee, na replaceAll, iliyokuja 2021, husoma nukta kama nukta.

Nina maktaba yangu ndogo ya nambari za simu ninayotaka kuwapa wenzangu. Ilikuwa na methodi iitwayo safisha, iliyoondoa alama na pia kugeuza 0 ya mwanzo kuwa 254. Jana nimeigawa: ondoaAlama na wekaMsimboWaNchi. Bado iko mikononi mwangu.